Benchi la Chumba Namba Tisa

Jumanne, 6 Mei 2025

Imetokea tena. Mbele ya darasa zima!

Mwalimu Felista aliniita nisome ufahamu wa Kiingereza kwa sauti. Aya moja tu. Maneno yote nayajua – kuna siku namsahihisha mwalimu mwenyewe, moyoni lakini. Nikasimama. Nikafungua mdomo. Koo likafunga. Moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, nikajua nakufa pale pale, kidato cha tatu B, kipindi cha nne. Nikatoka nje nikijigonga kwenye madawati.

Wasichana wa kikundi cha maombi wakanifuata. Wanne. Mmoja akanishika kichwa kwa nguvu: Toka! Toka kwa binti huyu! Nilitaka kumwambia niko tayari kutoka mwenyewe akinipisha. Sauti haikuja. Aliyewafukuza ni Sinyati, rafiki yangu wa Malambo, anayelala bweni na ni mrefu kama mlango. Mpeni hewa jamani, hata ng'ombe akianguka hamumzunguki hivyo! Akakaa na mimi chini ya bomba la maji mpaka nikapumua.

Mara ya tatu tangu Pasaka. Mwalimu Felista amesema hajakasirika, ila mkuu wa shule amesikia. Ikitokea tena narudishwa nyumbani mpaka nipone. Nipone nini, Mwalimu? Akasema polepole: Laurencia, wewe unahitaji ushauri nasaha. Utafute.

Nikirudishwa, Mama atanipeleka kwa bibi Mbulu nikapumzike. Dada yake Patrisi, majirani zetu hapa Ganako, alikwenda "kupumzika" akiwa kidato cha pili. Hajarudi shule mpaka leo.

Jumatano, 7 Mei

Nimeazima simu ya Mama. Nimesema ni ya kazi ya Jiografia. (Dhambi.)

Kumbe kuna watu kazi yao ni kukaa na wewe uongee! Niliyempata yuko Arusha. Nikamwandikia ujumbe mrefu, nikaanza na shikamoo. Alijibu upesi, kwa upole kabisa. Saa moja kwake ni mshahara wa Mama wa siku tisa. Siku tisa za kufua na kupiga pasi mashuka ya wageni kule loji, na nauli sijaiweka. Nikajibu asante sana, Mungu akubariki. Nikafuta zote, yake na zangu.

Sinyati anasema hospitalini ameona kibao: USHAURI NASAHA. Hapa hapa Karatu. Kesho, nikitoka shule.

Alhamisi, 8 Mei

Mungu wangu. Sijui nianzie wapi. Nimecheka, nimelia, nimetobolewa kidole.

Dirishani kuna kaka mmoja. Nikasema kwa sauti yangu ya kawaida, nahitaji ushauri nasaha. Ongeza sauti, dada! Nikaongeza. Ukumbi mzima ukageuka. Chumba namba tisa, akasema, mwisho kabisa kulia, ni bure. Bure! Nilitamani kumbusu mkono. Na mimi nilikuwa nimebeba hela yangu yote ya madaftari.

Kwenye benchi la nje tulikuwa watano. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Nikafikiri hiyo ndiyo heshima ya watu wenye huzuni.

Ndani nikamkuta Nesi Cresensia, mama mnene, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniuliza umri, kumi na sita, akasema vizuri, unaruhusiwa. Mwenzako anajua umekuja? Nikajibu anajua, ndiye aliyenielekeza. Akafurahi: wengi wanakimbia hao! Naye ameshapima? Kupima nini, nikamuuliza, yeye mzima kabisa, anacheza netiboli. Akanitazama kwa juu ya miwani, akaandika. Halafu akatoa sindano.

Nikanyoosha kidole. Kweli nilinyoosha! Nilijiambia labda siku hizi huzuni inaonekana kwenye damu.

Baada ya muda akaniita tena, anatabasamu. Hongera mwanangu, huna maambukizi. Ya nini? Ya VVU! Si umekuja kwa ushauri nasaha?

Tukatazamana. Nikamwambia mimi nimekuja kwa sababu nikisoma kwa sauti koo linafunga. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Mwanangu, Karatu nzima ukisema ushauri nasaha watu wanajua umekuja kupima! Halafu akaacha kucheka, akafunga mlango, akasema haya, nieleze. Nikaeleza. Labda dakika tatu. Hakuna aliyewahi kunisikiliza dakika tatu mfululizo bila kunipa dawa au sala.

Ninachotafuta kinaitwa kliniki ya afya ya akili. Kila Alhamisi asubuhi, jengo la nyuma, karibu na jiko. Unalipia kadi tu, na asiyeweza anaandikiwa barua na ofisi ya ustawi wa jamii. Lakini mimi niko chini ya miaka kumi na minane – nije na mzazi.

Akanipa karatasi ya majibu. Nenda nayo, ni haki yako.

Natoka tu, macho kwa macho na Mama Patrisi, jirani yetu muuza vitunguu! Amekuja kuchukua dawa za mguu. Akanitazama mimi, akatazama kibao cha namba tisa, akanitazama tena. Shikamoo, Mama Patrisi. Marahabaaa. Sijawahi kusikia marahaba ndefu kama ile.

Jumamosi, 10 Mei

Imefika kwa Mama. Imechukua siku mbili tu, na moja ilikuwa ya mvua.

Amerudi kutoka kazini saa tisa, mikono imejikunja kwa sabuni kama kawaida. Hakuvua hata kanga ya kichwani. Akakaa kwenye kigoda. Laurencia. Nambie mwenyewe kabla sijaambiwa zaidi. Sauti ilikuwa ndogo sana. Nikamletea karatasi. Hakuielewa, nikamwonyesha palipoandikwa, nikamweleza yote: darasani, mwenzako, netiboli. Akaanza kucheka huku machozi yanashuka, akapiga goti kwa kofi. Yaani umetobolewa bure! Na yule mama wa vitunguu ameshaniombea rozari nzima! Tukacheka wote wawili. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Nikaona ndiyo nafasi. Nikasema nesi anataka niende na wewe – twende wote – kliniki ya afya ya akili.

Kicheko kikakatika. Mtoto wangu si kichaa.

Sijasema kichaa, Mama.

Bora ungekuwa umekwenda kupima tu, likaisha. Hiyo kliniki wakikuona mara moja wamekuona milele. Nani atakupa hata kazi ya kufua? Halafu akasema, kama anaongea na kigoda: zamani aliyefiwa alikaa peke yake mpaka muda wake uishe, hakuingia kwa watu, hakuwapelekea msiba wake. Sasa nyie mnataka kwenda kuuongea mezani kwa mtu!

Mimi sikuwa nimetaja msiba. Ameutaja yeye.

Jumanne, 13 Mei

Mama alikuwa zamu ya mapumziko. Alikuwa anageuza godoro langu juani akakikuta chini yake. Kitabu cha ndege cha Baba.

Hakijui mtu mwingine kile kitabu. Baba alikuwa dereva wa watalii, na wageni walipenda ndege kuliko simba, ila majina ya Kiingereza yalimshinda. Basi kila Jumapili baada ya misa nilimsomea kwa sauti, yeye anarudia. Filamingo. Baba, ni flamingo! Nimesema hivyo hivyo – filamingo. Kurasa arobaini na moja tulimaliza. Aprili mwaka jana gari lake liliacha njia kwenye ukungu, kule juu ukingoni mwa kreta.

Niliporudi kutoka shule, Mama alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Akasema, nisomee.

Nilijaribu. Ukurasa wa arobaini na mbili, neno la kwanza. Koo likafunga. Yote yakaja, vidole, moyo, nikakaa chini kwenye matope. Mama hajawahi kuniona hivyo. Alitupa kitabu, akanikumbatia kwa nyuma, akawa anasema Lau, Lau, niko hapa, Lau. Ilichukua muda mrefu. Kuku walituzunguka tu.

Kisha akakiokota kitabu. Akafuta matope kwenye jalada kwa upindo wa kanga. Akaenda kwa jirani anayefua naye loji. Aliporudi: nimebadilishana zamu na Naipanoi. Alhamisi niko huru. Uvae sare, watu wajue unasoma.

Alhamisi, 15 Mei

TUMEKWENDA.

Mama alijifunika kanga mpaka usoni, anaonekana macho tu. Benchi la nyuma ni tofauti na la namba tisa, watu wanaongea! Wengi wamekuja kwa dawa za kifafa, wanajuana. Mzee mmoja, Mzee Sironka, alitoka Endulen na blanketi lake jekundu. Akamtazama Mama, akasema: mama, fungua uso, hapa hakuna vumbi. Benchi zima likacheka. Mama naye. Akafungua.

Muuguzi ni mwanaume, anaitwa Loserian. Nilitaka kukimbia. Lakini hakuniambia niseme kitu. Alianza kwa kuuliza nasoma vitabu gani! Nikaongea, nikajisikia naongea. Kisha: mara ya kwanza koo lilifunga wapi? Nikasema kanisani, wiki ya Pasaka. Ulikuwa unafanya nini? Nasoma somo. Misa ya nani? Nikamjibu: Misa ya mwaka mmoja wa Baba.

Akaweka kalamu chini. Akanisubiri. Nikamwambia habari ya filamingo. Nililia kwa kelele, kwa aibu zote, na sikufa.

Amesema moyo wangu ni mzima, amesikiliza kwa kipimo. Ni hofu. Ni kama mbwa wa boma aliyetishwa mara moja na chui, sasa anabweka hata mwenye boma akirudi. Mbwa mzuri tu. Hatumuui, tunamfundisha upya. Amenifundisha kupumua: kuvuta kidogo, kutoa taratibu, mkono tumboni. Kazi ya nyumbani – mstari mmoja kwa siku, kwa msikilizaji asiyetoa maksi.

Na barua kwa mkuu wa shule! Imeandikwa kwamba ninahudhuria matibabu na niendelee na masomo. Niendelee na masomo! Nimeisoma mara sita.

Tulilipia kadi tu. Tumepewa na barua ya ustawi wa jamii, hata kadi hatutalipia tena. Njiani Mama kanunua mihogo ya kukaanga, tukala tunatembea. Tulipita mbele ya Mama Patrisi na vitunguu vyake. Mama akamsalimia yeye kwanza, kwa sauti: tumetoka kliniki!

Jumatano, 21 Mei

Nawasomea kuku. Mistari minne leo. Mmoja alisinzia.

Jumatatu, 26 Mei

Mwalimu Felista aliniita mezani kwake, wengine wakiwa mapumziko, akasema nimsomee yeye na Sinyati tu. Sauti ilitetemeka. Katikati koo likaanza – mkono tumboni, kutoa taratibu. Likafunguka! Nikamaliza aya. Sinyati kapiga vigelegele ofisini mwa walimu. Katimuliwa nje.

Alhamisi, 29 Mei

Naandika nikiwa kwenye benchi la nyuma.

Nimeshatoka ndani. Loserian amefurahi, amesema wiki mbili tena. Mitihani inaanza Jumatatu na nipo kwenye orodha. Mama alikuwa ameshasimama, kanga ameshajitanda, akasema ngoja niage, dakika moja tu. Akabaki mlangoni. Nikamsikia anauliza, sauti ile ndogo ya siku ya kigoda: Na huyu mtoto akimaliza – mtu mzima naye anaandikwa? Au hii ni ya wanafunzi tu?

Loserian akasema karibu, mama, ukae.

Mlango ukafungwa.

Mzee Sironka yuko hapa pembeni yangu, anasubiri dawa. Ameona kitabu, ameuliza ni cha nini. Nimemwambia ni cha ndege. Akasema, soma basi, macho yangu hayaoni karibu. Nikaweka mkono tumboni nikaanza ukurasa wa arobaini na mbili. Korongo, kwa jina lake la Kiingereza. Polepole. Anarudia kila jina, anayakosea yote, na mimi simsahihishi.

Tuko ukurasa wa arobaini na tano sasa. Dakika moja ya Mama bado haijaisha.