Karatasi Iliyokuwa Nzuri Mno

Kisangani, siku ya Jumapili, baada ya misa

Papa yangu mpendwa,

Najua begi lilifika. Ndugu yangu Kavira alinieleza kwa phonie, ile redio ya kuongea na watu wa mbali: begi jekundu limetua salama, kamba haikukatika, samaki wakavu hawakuharibika, nguo za mtoto zote zimo. Tulipungua wawili tu, mimi na mtoto mwenyewe. Naambiwa ulisimama kwenye kiwanja cha ndege mpaka gunia la mwisho likashushwa, na kila aliyeshuka ulimuuliza, "Binti yangu iko wapi?" Mwishowe wakakuwekea begi mkononi. Papa, neno hilo nalisikia mpaka leo. Nisamehe.

Unalala vizuri? Unakula? Bado unakataa koti asubuhi? Hapa joto linatupika, na mara nyingi nikiwa kazini nafumba macho kidogo nikumbuke baridi ya Butembo, ukungu umekaa juu ya mikaratusi, sisi watoto tunasukumana mbele ya jiko na wewe unatufukuza kwa gazeti. Hapa tunakula lituma, zile ndizi za kutwanga, na samaki. Ni chakula kitamu, siwezi kusema uongo. Lakini kiazi cha nyumbani, Papa! Nikikiona kimoja sokoni, kimenyauka, kimesafiri mpaka kimekuwa mzee, nakinunua tu nikinuse.

Sisi ni wazima. Bwana yangu Kasereka yuko njia ya Ubundu, anasukuma baskeli kando ya reli kutafuta samaki wa kuuza. Masika alikuwa na homa, imepita. Ana paji lako la uso, na ukaidi ni wako pia: akikataa uji, hata jeshi halimlazimishi. Ana miaka miwili na wewe hujamtazama hata mara moja. Daktari alisema ile presha ya macho haingoji mtu, ndiyo maana nilitaka kuja sasa, nisingoje Noeli. Nilitaka umwone ungali unaona. Sikuwa na haja nyingine ya safari.

Kavira, wewe unayemsomea, soma polepole na usiruke kitu, hata pale nitakapokutaja.

Bon. Sasa nieleze kosa langu, maana limefungana na lile swali lako la ordinateur, hizo kompyuta.

Uliniandikia kwamba kamati ya parokia inataka mashine ya kuandikia vyeti vya ubatizo, orodha ya wakristo na barua za kwa askofu, na kwamba mfanyabiashara amewaonyesha mbili: moja mpya kutoka Dubai, bei yake inatisha, na nyingine ya occasion kutoka Kampala, imeshatumiwa na watu. Wazee wanavutana, na wewe ukasema, ngojeni, binti yangu anatumika kwenye ile ya bei. Umesema kweli. Natumika nayo. Basi sikiliza.

Patron wetu kazini, Tonton Musubao, unamjua, namwita mjomba ingawa si ndugu, ni mtu wa milima yetu, anauza sabuni, chumvi na vitenge kwa jumla. Alipoamua kununua ordinateur nilimwambia, Tonton, tuchukue ndogo. Akaniangalia kama nimetukana mamake. "Miye niko mutu mukubwa ku hii muji," akasema. "Mutu mukubwa hatumike na kintu ya occasion. Wakiingia ku bureau yangu, waone!" Basi ikaja ya Dubai, na sanduku lake akaliweka dirishani ili wapita njia walione.

Na kweli ni mashine, Papa. Inapiga muziki, inaonyesha picha, inachora nyumba. Lakini sisi tunaandika barua. Tunaandika orodha ya magunia na attestation za wafanyakazi, vile vyeti vya kazi. Ni kama kuita lori kubeba kilo moja ya chumvi. Tangu bomu la vita litoboe paa letu, mvua inaingia upande wangu, kwa hiyo ordinateur inaishi chini ya hema. Courant ya umeme ikienda, na inakwenda karibu kila siku, tunawasha groupe, ile jenereta, na mazutu, mafuta yake, ikikosekana tunakaa tunaitazama. Wino wake unatoka mbali, ukiisha tunangoja ndege. Na vumbi haipendi, joto haipendi, inahema kama mgonjwa. Ile ya Mama Odette, katibu wa magasin ya jirani, duka kama letu, ni ya occasion, kioo chake kimegeuka njano pembeni, na inavumilia yote hayo kama mbuzi.

Siku moja tulibishana naye, tukaandika barua ileile kwa mashine zote mbili, kwa wino mweusi, tukaziweka mezani na kumwita Tonton achague ya kwake. Akazikagua sana, akavaa miwani, akainua moja juu: "Hii! Inaonekana tu!" Ilikuwa ya Mama Odette. Hatujathubutu kumwambia mpaka leo.

Sisemi ordinateur haifai. Wewe uliyenifundisha kuandika kwa mashine ya kugonga ya kiwanda cha kahawa ulikofanya kazi unakumbuka: kosa moja chini ya ukurasa, na unaanza upya, na mkono wako unauma. Hapa unafuta tu, na barua ya jana unaigeuza kuwa ya leo. Hiyo ni raha kubwa. Lakini raha hiyo iko ndani ya zote mbili.

Sasa karatasi yenyewe. Siku hizi mtu hatoki Kisangani kwa ndege bila ordre de mission, karatasi ya ruhusa ya patron wake, yenye muhuri. Tonton aliniruhusu, akaniambia niandike mwenyewe, yeye atie saini. Kila katibu anafanya hivyo. Lakini mimi, Papa, nilikuwa nakuwaza wewe. Nikasema nikifika nitamwonyesha Papa karatasi hii, aone binti yake anafanya nini. Basi nikaweka herufi kubwa nyeusi ili uweze kuzisoma bila shida. Nikaweka mstari wa buluu kuzunguka ukurasa. Nikachora juu alama ya magasin kwa rangi tatu. Na kwenye pembe nne nikaweka maua. Kavira, usicheke.

Kiwanjani wapagazi walikuwa wamekwisha kupakia begi letu. Masika nilikuwa nimembeba mgongoni. Afisa mmoja mnene, wa sauti ya upole, akashika karatasi yangu kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaielekeza juani.

"Mama, hii karatasi inatoka wapi?"

"Ku bureau yetu, chef. Pale ku magasin ya Tonton Musubao."

"Non. Miye naona makaratasi ya Kisangani kila siku. Zote ziko na rangi ya vumbi, na maandishi inapanda, inashuka. Hii iko muzuri mno. Hii ni ya ngambo."

"Chef, tuko na ordinateur mupya."

"Ah! Na nani aliandika?"

"Ni miye, chef. Niko katibu."

"Alors, wewe mwenyewe ulijiandikia ruhusa, ukaweka na maua!"

Nikamwonyesha saini, nikamwonyesha muhuri. Akapitisha kidole juu ya muhuri, akatikisa kichwa. Karatasi nzima ina rangi, akasema, atajuaje kipi kimegongwa na kipi kimetoka ndani ya mashine? Nilipiga magoti, Papa, mbele ya watu wote, sikuona haya. Nikamwambia baba yangu anapofuka, mtoto huyu ndiye mjukuu wake. Akaniinua kwa mkono.

"Mama, simama. Miye si mutu mubaya. Lakini nikikuacha upite na hii, kule watasema sikuangalia, na miye njo nitalala ku cachot, ndani ya gereza. Enda utafute karatasi ya kweli."

Ndege ya mizigo haingoji mtu. Nilichukua baskeli ya toleka, zile za kubeba abiria, kurudi mjini, nikamwambia kijana akanyage, akanyage. Tulikuwa bado katikati ya msitu niliposikia mngurumo. Ikapita juu ya vichwa vyetu. Masika akanyoosha kidole, akapiga makofi, "Ndeke! Mama, ndeke!" Mtoto amefurahi, na mimi nalia mgongoni kwa mtu nisiyemjua. Yule kijana alipunguza mwendo tu.

Kesho yake nilikwenda kwa Papa Bolaya. Huyo ni mwandishi wa mashine anayekaa barazani karibu na posta, mtu wa wale wavuvi wa kwenye maporomoko. Kaka zake wote wanapanda miti ya mitego juu ya maji makali, yeye alizaliwa na mguu mmoja dhaifu, akajifunza kuchapa. Mashine yake ni nduguye ile yako: herufi e imejaa wino, inatoka kama jicho limevimba. Alichukua karatasi ya rangi ya chai, akagonga mistari saba, akapuliza. Tonton akatia saini akiwa amenuna. "Basi miye nilinunua maua tu?" akaniuliza. Nilimpelekea yule afisa. Hakuisoma hata kidogo. "Voilà," akasema, "hii njo karatasi," akagonga muhuri wake papo hapo.

Karatasi ninayo. Ndege ndiyo haipo. Tangu juma lile haijatua hata moja inayokuja kwenu. Wanasema labda juma lijalo, na juma lililopita walisema vilevile. Barua hii anaichukua mtu wa baskeli anayepita njia ya msitu, atafika akifika. Kabla hajaenda Ubundu nilimwomba Kasereka tumfuate mtu huyo, akakataa kabisa, mtoto wa miaka miwili hapitishwi kwenye barrière zile zote za askari. Nilikasirika, lakini amesema kweli.

Waambie wazee wa kamati hivi, na uwaambie ni mimi niliyesema: wachukue ile ya Kampala. Waiwashe kwanza mbele yao, waandike ukurasa, wautoe kwenye karatasi. Kwa pesa itakayobaki wanunue betri, kile kifaa cha kutuliza courant, na wino wa kutosha mwaka. Wamlipe pia mtu wa kumfundisha katekista, maana mashine ya bei haimfundishi mtu. Na ile mashine ya zamani ya kugonga ya parokia wasiitupe. Ordinateur yetu haikukosa lolote, Papa. Ni mimi niliyetaka kujionyesha kwako.

Nisalimie mama mdogo Katungu, mwambie vile viazi vyake navitamani hata mbichi. Nisalimie Tonton Kakule, fundi wetu wa redio, na katekista, na majirani wote wa upande wa kisima. Kavira akipita kaburini kwa Mama, aning'olee majani.

Nilitaka kufunga hapa. Lakini jana, betri ya phonie ikikaribia kwisha, Kavira alininong'oneza jambo akaniomba nisilitaje. Kunong'ona kwenye phonie, na chumba kizima kinasikiliza! Kavira, nisamehe, nalitaja, na utalisoma kwa mdomo wako mwenyewe.

Anasema tangu siku ya begi umejifungia chumbani, pazia limeshushwa, macho umeyafumba asubuhi mpaka jioni. Chakula unakitafuta kwa vidole. Ukiulizwa unajibu kwamba unayaweka akiba, yasiishe kabla Masika hajaja. Watu waliokuwa kwenye phonie walicheka kidogo, wakidhani ni mzaha wa mzee. Mimi nilitoka nje, nikashika ukuta.

Papa, usifanye hivyo. Daktari hakusema macho yanaisha kwa kutumika. Nami sina siku ya kukuahidi, na hata ningekuwa nayo nisingekuambia, maana ungezidi kuyafumba. Siku hizi ulizonazo ni zako. Toka, kaa mlangoni. Angalia mvua ikishuka mlimani. Mwangalie Kavira anapoanua nguo, yeye amekuwa hapo miaka yote hii na hakuna anayemtazama. Ukimaliza kuona yote na sisi hatujafika, tutafika hivyo hivyo, na Masika utamkalisha magotini, atakushika masharubu, utamjua. Nilikuwa nataka sana utuone sisi. Leo nataka uone tu, chochote kilicho mbele yako.

Fungua macho, Papa.

Kavira, acha kusoma hapa. Ngoja mpaka ayafungue.

Mimi binti yako ninayekuwaza kila saa,

Kanyere, mama Masika