Damu Yangu Kabla na Baada ya Mbio

Eldoret

Dada yangu Wangari,

Hapa Eldoret wakimbiaji wote wameomba nifungwe gunia la mahindi mgongoni nikikimbia, angalau siku moja nao wanione kwa karibu. Ndivyo ndugu yako alivyo siku hizi. Cheka tu. Habari ya huko Kinangop? Kifua cha Mama kimepoa? Mimi nalala, naamka, napakia mahindi kwenye lori kama kawaida, lakini nina hofu. Tafadhali usimsomee Mama hii barua.

Kuna daktari amekuja hospitali ya hapa kutafuta vijana. Anataka kujua mwili unachoma nini mtu akikimbia, na anakitafuta ndani ya damu. Unafika asubuhi bila kula, unatolewa damu, unakimbia barabara ya Kapseret mpaka miguu iwake moto, ukirudi unatolewa nyingine. Sista anayemsaidia alituelezea kwamba misuli inakula sukari na mafuta, halafu inatema asidi kwenye damu. Ukizoea mbio, asidi inapungua. Nikamwambia, "Sista, hata mimi nikiona moshi wa lori najua injini inachoma nini."

"Nyamaza, lete mkono."

Nilienda na Kiprop, mpakiaji mwenzangu, ambaye amekimbia tangu utoto. Alinicheka: "Nyinyi watu wa Kinangop mnakimbia mkifukuzwa tu!" Lakini wiki zilivyopita, asidi yangu ilishuka kweli. Mwili nao ukakauka, suruali sasa naifunga kwa kamba. Nikawa napita sokoni kifua mbele, nikijua huo ndio mwili wa bingwa. Na kiu je! Namaliza jagi la maji, natafuta lingine. Nikasema ni jasho.

Halafu siku moja sukari ikaonekana iko juu kabla hata sijakimbia. Sista akaniuliza, "Wewe Kimani, umekunywa chai?" Na kweli nilikuwa nimepitia kibandani, nikanywa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, nikidhani nani atajua. Aligomba! "Ulifikiri damu itakufichia?" Akaniambia nirudi siku nyingine, tumbo tupu.

Nikarudi. Ilikuwa juu tena. Baada ya mbio, ya Kiprop ilikaa palepale. Yangu ilipanda zaidi.

Wangari, wewe ndiye uliyekuwa ukimwosha marehemu Baba kidonda cha mguu, kabla hawajaukata. Niambie, ule ugonjwa wa sukari ulimwanzaje? Alikuwa anakunywa maji hivi? Alikonda kwanza, ama kidonda ndicho kilitangulia? Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka tu harufu ya dawa, na Mama akilia jikoni akidhani hatusikii. Jana nilijikwaa kwenye jiwe, nikavua kiatu palepale barabarani nikikagua vidole kimoja kimoja. Kiprop akasema, "Bingwa, umeangusha shilingi?" Nikamwambia ndiyo, ya kwangu, usiiguse. Lakini nilivua na kiatu cha pili.

Mama mwambie namsalimu sana, na kwamba nakula vizuri. Msalimie nyanya, na mjomba wetu fundi wa baiskeli, mwambie baiskeli yake sasa naishinda kwa miguu. Kitinda mimba wetu mwambie asome, asiwe kama mimi.

Kuna kitu kimoja sijakwambia. Siku ile niliporudia kipimo, Sista alikuja na karatasi mkononi, akauliza, "Ni chai tena, sivyo?" Nyuma yake daktari alikuwa ananitazama bila kucheka, vile madaktari walivyokuwa wakimtazama Baba. Nikaogopa. Nikacheka, nikasema, "Sista, chai ya Eldoret nani ataikataa?" Alikasirika sana. Akasema nimewapotezea wakati, nisirudi tena. Nikatoka pale nikipiga mluzi, na hakuna aliyenifuata.

Dada, sikuwa nimekunywa chai. Tangu jioni iliyotangulia sikuwa nimetia kitu mdomoni ila maji.

Ni mimi ndugu yako,
Kimani