Shuka Lako na Ng'ombe wa Kina Kabula

Kamsamba, Jumamosi mchana

Dada yangu Enesi,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda kwenda shambani? Na jicho la Mama? Mwambie aache kulipaka maziwa ya mbuzi, aende hospitali, mimi nimeshachoka kusema. Kahawa mmeanza kuchuma? Huku bondeni mimi ni mzima, ila joto litaniua. Mpunga umekomaa, ndege wamejaa, na nusu ya watoto wanafika darasani wamekauka sauti kwa kupigia ndege kelele.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Simu ina masikio, Dada. Nyumba yetu ya walimu imegawanywa kwa ukuta mwembamba, na upande wa pili anakaa mtu ninayetaka kumsema. Nikipiga chafya huku, yeye kule anasema "pole Dada". Ndiyo maana nampa barua hii dereva wa lori la mpunga anayepita Itaka, huko nyumbani.

Mtu mwenyewe ni Mwalimu Atupele. Binti wa Ileje, mtoto wa juzi, chuo ametoka mwaka jana. Wewe unaijua roho yangu tangu nilipolimwagia uji gauni lako la kipaimara nikamsingizia paka, kwa hiyo sikufichi: namwonea wivu. Namwonea wivu mpaka chai hainipiti kooni.

Miaka sita nimefundisha Darasa la Nne. Ikifika mada ya takwimu, watoto wangu wananijua. Natoa gunia langu la vizibo vya soda. Kila mmoja anaweka kizibo chake kwenye mstari wa tunda analolipenda: embe hapa, ndizi pale, papai kule. Mistari inasimama sakafuni, mirefu na mifupi, na hata yule mzito kabisa anaona kwa macho yake kwamba embe limeshinda. Baadaye ndiyo tunachora kwenye daftari. Afisa Elimu Kata alishawahi kunipiga picha na vizibo vyangu.

Sasa amekuja huyu na kishikwambi, na projekta ndogo ya kuazima, anachomeka kwenye umeme wa jua wa ofisini. Anaandika namba, anagusa, na nguzo za rangi zinaota zenyewe ukutani. Watoto wakaanza kuniuliza mimi, mimi Sekela, "Madamu, leo hakuna sinema?" Weee! Roho iliniuma, nikawapa zoezi refu.

Wiki iliyopita Mwalimu Mkuu akaniita. "Mwalimu Sekela, mada ya takwimu mwachie Atupele. Tukiona amefanya vizuri, mwakani Darasa la Nne tumpe yeye, wewe upumzike na la Kwanza." Nipumzike! Nani alimwambia nimechoka? Nikasema sawa, meno yote nje.

Na unajua picha zake alizionyesha kwenye nini? Kwenye shuka lako jeupe, lile ulilonipa siku naondoka nyumbani, amelitundika ukutani. Aligonga ukuta, kama anavyogonga chai ikiiva kuniita tunywe, akaniomba kwa adabu zote. Ningemnyimaje?

Jioni ile ile niliyoitwa na Mkuu alikuja na daftari lake la maandalio nimkagulie. Nikasoma: kila mwanafunzi aseme kwao wana ng'ombe wangapi, tuziingize namba, tuone grafu.

Dada, ulimi uliniwasha. Sisi kwetu kahawa tunapima kwa madebe mbele ya kila mtu, na jirani anakuja kutazama. Wafugaji wa huku sivyo. Ng'ombe hawatajwi idadi. Hata ukisimama zizini ukatazama kwa muda mrefu, mwenye zizi anakuja kusimama mbele yako, anakuuliza habari za kwenu. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa hilo hilo, mzee mmoja akaniita pembeni akanifundisha taratibu. Ndipo nilipohamia kwenye matunda na vizibo.

"Unaonaje, Dada?" akaniuliza.

"Nzuri sana," nikamwambia. "Endelea hivyo hivyo."

Siku ya somo nilisimama dirishani, najifanya natafuta chaki. Watoto wakaangaliana. Mmoja akasema wawili. Mwingine akasema baba yake ndiye anajua. Akafikiwa Kabula, ambaye ng'ombe wa kwao wakitoka malishoni tunasimama kando ya barabara mpaka miguu inauma. Kabula akasema, "Hatuna."

Atupele akacheka kwa upendo tu. "Kabula jamani! Na wale ninaokutana nao kila jioni ni wa nani? Haya, tukadirie themanini." Akaandika jina, akagusa, na nguzo ya Kabula ikapanda mpaka ukingo wa shuka lako, nyekundu, jina lake chini. Mtoto akaficha uso mezani akalia. Na mimi pale dirishani, Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Kesho yake viti vya watoto wa wafugaji vilikuwa vitupu. Saa nne baba zao wakaingia uwanjani na fimbo zao, wakasalimia vizuri, wakakataa kukaa. Baba Kabula akaomba aonyeshwe kile kishikwambi. "Hiki kioo kimepeleka wapi ng'ombe zangu?" akauliza. "Kwa nani? Kesho nitakuja kuambiwa nimezidisha mifugo, niondoke?"

Atupele akamwonyesha. Alijaribu kueleza, maneno yakagongana. Mwalimu Mkuu akanigeukia: "Wewe umekaa nao, zungumza nao."

Nikazungumza, Dada, na nilizungumza vizuri. Nikawaambia ile ni hesabu ya kujifunzia, haijaenda popote. Tukaifuta mbele ya macho yao. Wazee wakatulia. Nikajiona mkubwa. Ndipo Baba Kabula akaniambia, bila hata kupandisha sauti:

"Wewe mwalimu tunakufahamu, na wewe unatufahamu. Mbona hukumwambia mwenzio?"

Uwanja mzima ukanitazama. Nikasema, "Sikujua kama angeuliza ng'ombe."

Nikaona Atupele amenigeukia. Daftari lake la maandalio alikuwa nalo mkononi, ukurasa ule ule nilioushika mimi kwa vidole vyangu. Nikangoja alifungue, aseme niliusoma. Hakulifungua. Akawageukia wazee, akapiga goti, akasema, "Kosa ni langu, wazazi wangu. Mimi ni mgeni, sikuuliza."

Wakamsamehe. Juzi watoto walirudi, Kabula pia. Atupele akaja mlangoni kwangu, hakugonga ukuta, akasema tu, "Naomba vizibo vyako." Akawauliza watoto kila mmoja asubuhi alifanya kazi gani: kuchota maji, kufukuza ndege, kuchunga, kufagia. Wakapanga vizibo sakafuni kama ninavyofanya mimi, kisha wakahesabu, wakaandika wenyewe kwenye kishikwambi kwa zamu, na nguzo zikapanda sawasawa na mistari ya sakafuni. Kabula ndiye aliyegusa kitufe cha mwisho. Kufukuza ndege kulishinda, wakapiga makofi mpaka Darasa la Tatu wakachungulia. Miaka sita, Dada, sijawahi kupata somo kama lile.

Hata hivyo Mwalimu Mkuu ameamua: la Nne linabaki kwangu, kwa sababu nawajua wazazi. Nimeshinda. Shuka lako nimelikuta jana mlangoni, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa pembe kwa pembe. Chai yake naisikia ikiiva kule, kikombe kimoja, na ukuta haugongwi.

Nisalimie Mama, na Shemeji mwambie viatu vya mvua nimevikumbuka. Mwanao Yusta, ambaye nasikia ameanza kuninunia kwa kutopiga simu, mbusu kwa nguvu hata akikataa. Mpe shikamoo Mjomba wa mashineni, na yule mama mchungaji jirani yenu aniombee, asiulize kwa nini.

Nikiifunga bahasha hii nitagonga ukuta mimi, nimwambie nilijua. Naogopa, lakini nitagonga. Na bado namwonea wivu, Dada, sasa kuliko mwanzo, wala si kwa kishikwambi. Daftari lilikuwa mkononi mwake, wazazi wote wapo, na akanyamaza. Ningekuwa mimi, ningelifungua.

Ni mimi mdogo wako, yule wa paka,
Sekela