Babu Nyuma ya Kufuli

Bibi yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono wangu umekataa kuandika kabla sijakuamkia.

Ni habari za Babu. Mzima, anakula, goti lake ni lilelile, macho yamezidi kufifia. Aliyeharibika ni mimi.

Tangu ulipoteleza chooni ukavunjika nyonga, nikaona mtu anavyoweza kuingia kuoga kwa miguu yake akatoka amebebwa, sijapata usingizi wa maana. Baada ya arubaini yako Mama alirudi kazini Watamu, nikabaki na Babu hapa Shella. Na unanijua. Ulikuwa ukinicheka, "Huyu mjusi akipita darini, ataka kuita polisi." Basi huyo ndiye aliyeachiwa mzee.

Nilianza vizuri. Ile mitawanda yenu ya mbao ya kuvaa chooni niliitoa, nikamnunulia Babu kandambili za mpira zisizoteleza. Nilikunja mikeka. Fundi akaja akapiga chuma cha kushikia karibu na birika la maji ya kuogea. Ningeishia hapo. Lakini woga haukutulia. Nikahamisha kitanda chake, kabati nikalileta ukumbini, viti vyote nikavisukuma ukutani ili njia iwe wazi. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Sikufikiri kwamba Babu siku hizi anaijua nyumba kwa mikono. Asubuhi nilimkuta katikati ya ukumbi, mkono uko hewani, anatafuta mgongo wa kiti chako. "Mwanangu," akaniuliza taratibu, "hapa ni kwetu?"

Badala ya kurudisha kiti, Bibi, nilinunua kufuli.

Nikiandika hivi uso unaniwaka. Kila nilipokwenda ofisini nilimfungia kwa nje, asije akatoka barazani peke yake akakosa ngazi. Nilimwachia chai kwenye chupa, redio, na simu mfukoni. Nikamwambia ni kwa usalama wake. Hakubishana. Alisema, "Wewe ndiye uliyesoma." Nami nikalichukua neno hilo kuwa ruhusa. Jiko lingeshika moto angetokea wapi? Mimi ninayekagua bomba la gesi kila nikitoka, hilo halikunipitia kichwani.

Ijumaa iliyopita nilimwahidi nitarudi mapema nimfikishe msikitini. Ofisini watu walijaa mbele ya dirisha langu, mkubwa wangu amesimama nyuma yangu, nikaogopa kuomba ruhusa. Nilikaa nikigonga mihuri huku adhana inalia. Nilipopata tuktuk, watu walikuwa washaanza kutoka msikitini.

Nilimkuta Mzee Athmani, yule mwenzake wa barazani, anampenyezea kikombe cha kahawa katikati ya vyuma vya dirisha.

"Bi Karani, mfungulie bwana huyu," akaniambia. "Ati yeye mwenyewe ndiye aliyekuomba umfungie, anaogopa wezi! Mchana kweupe! Wataiba nini humo?"

"Wataniiba mimi," Babu akajibu kutoka ndani. "Wewe hata ukiachwa njiani, nani atakuokota?"

Wakacheka wote wawili. Mimi nikahangaika na ufunguo, haukutaka kuingia. Babu alikuwa kwenye kigoda nyuma ya mlango, amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, ameshatia viatu, ananukia udi. Amekaa hivyo hotuba yote, akiisikia kwa kipaza sauti. Na alipoulizwa, alijifanya mwoga ili mimi nisionekane mwenye kosa.

Nilisema samahani. "Umechoka," akasema. "Kula kwanza."

Sikuweza kula. Nilimshika mkono tukazunguka nyumba, mara hii yeye akiongoza. Kiti chako kimerudi mahali pake, na kitanda pia. Kumbe hata kile chuma cha chooni kilikuwa kinamdanganya. "Hiki mpaka nikifikie nishaanguka," akasema, akaweka kiganja ukutani pale mkono wake unapokwenda wenyewe. Fundi amekihamishia hapo. Ngazi za barazani nimezipiga ukingo wa rangi nyeupe, anasema anauona kidogo. Ufunguo wa mlango anao yeye. Kufuli nimelitupa.

Bado naogopa, Bibi. Nikiwa kazini nampigia simu, naye anapokea akisema, "Sijaanguka," kabla sijamsalimu.

Lakini barazani sasa wamempa jina. Wanamwita Bwana Wezi. Akitoka tu wanamwuliza kama amejificha vizuri, kama wamwitie askari. Anacheka nao. Mimi napita nikiwaamkia, naangalia chini, naingia ndani. Siku zote za wiki hii nimepita hivyo. Mzee aliyekwenda msikitini maisha yake yote, watu wanaamini aliacha sala ya Ijumaa kwa kuogopa vibaka, na mimi nanyamaza kwa sababu kunyamaza kunanifaa.

Kesho ni Ijumaa. Nimeomba ruhusa ofisini, nimepewa. Nitamfikisha msikitini, na wakirudi kukaa barazani nitasimama mbele yao niseme kwamba mwoga ni mimi, na kwamba nilimfungia bila yeye kutaka. Babu atanikataza. Nitasema tu.

Pumzika, Bibi, Mungu akupanulie ulipolala. Leo nimekusomea Yasini chumbani kwangu, kwa sauti ya chini, nimejificha kwa aibu. Kesho, nikishawaambia, nitakusomea ukumbini, Babu akiwa amekaa karibu anasikia.

Mjukuu wako