Mjomba Anataka Kucheka Bila Kukohoa

Ndiyo mshauri, ninaye! Umeuliza redioni jana nani ana mgonjwa mbishi, basi mpendwa naomba msaada, mimi Dominiko wa ndizi za Matombo, mjomba wangu Gervas ana uvimbe kwenye pafu, na huyu mtu kazi yake duniani ni kucheka, sasa akicheka anakohoa mpaka anatema damu, basi watani wake Wanyamwezi waliokuwa wanakuja kumtukana kila Jumapili wamemwonea huruma, wanaingia kimya, wanasema "shikamoo mzee, pole," na hapo ndiyo kachanganyikiwa kabisa, anasema "Domi, Mnyamwezi akikuamkia kwa adabu ujue umeshakufa, kachimbe kaburi," na daktari wa Dar kasema apigwe mionzi siku chache, kikohozi na maumivu vinaweza kupungua ila ugonjwa hautaisha, mjomba akamjibu "kama hauishi nakuja kufanya nini, kuota jua?" kisha jirani yetu Mwamvita kamwambia atarudi anawaka kama taa ya bodaboda, ndiyo kagoma moja kwa moja, sasa mshauri, nimdanganye kwamba atapona ili apande gari?

Dominiko wa ndizi, Matombo

MSHAURI LUQMANI ANAJIBU

Pole sana, Dominiko, na koma! Umezoea kuuza ndizi mbichi ukiapa zimeiva, lakini mjomba si mteja. Akigundua, hatakuamini hata ukimwambia chai ina sukari.

Mwambie ukweli: "Mjomba, mionzi haikuponyi. Inapunguza makali ya uvimbe, ili upumue, ulale, ucheke." Kuwaka hawaki. Mashine ikizimwa imezimwa, akirudi abebe wajukuu. Anaweza kuchoka, koo likamuuma akimeza, kikohozi kikazidi kidogo kabla ya kutulia. Daktari awaeleze yote hayo. Nafuu inakuja taratibu, na wengine hawaipati sana. Hilo nalo usimfiche. Damu ikizidi, usiniandikie mimi, kimbia hospitali! Mwamvita mpe ndizi, mdomo upate kazi.

Sasa tufanye biashara. Mimi ni Mnyamwezi wa Urambo, na nimeona aibu kusikia ndugu zangu wamegeuka mapadri. Wewe mpeleke mjomba wiki hii. Akirudi na kupumzika, napanda Matombo mwenyewe, namtukana yeye na ukoo wake na hivyo vigimbi vyao vya kupandia milima. Akicheka mpaka mwisho bila kukohoa, mkungu mmoja wa ndizi zako ni wangu. Akikohoa, namshika mgongo mpaka kikohozi kitulie, mkungu nanunua mimi, na matusi naendelea nayo kwa sauti ndogo.

Lakini shikamoo yangu haipati ng'o. Umekubali?