Ishirini Toa Nane Jumlisha Mbili

Mkuyuni,
Morogoro.
6 Mei 2024

Mpendwa kaka Deogratias,

Shikamoo. Habari za Njombe na baridi yake? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku wazima, ila roho yangu haitulii. Nakaa, nasimama, nachungulia barabarani, narudi kukaa. Leo nimebandika chai nikasahau majani.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hupokei, na kundi la ukoo la WhatsApp ulijitoa. Yote kwa lile fumbo la mdogo wako Alois: 20 − 8 + 2. Kweli kaka, ndugu wa tumbo moja mnuniane tangu Pasaka kwa ajili ya hesabu?

Wewe ulisema 14, kwamba kutoa na kujumlisha ni daraja moja, unakwenda kutoka kushoto. Mdogo wako akang'ang'ania 10, kwamba kwenye MAGAZIJUTO kujumlisha kunatangulia kutoa, basi nane na mbili kwanza. Ukamuuliza mbele ya ukoo mzima hayo mabano kayaona wapi, ukasema kichwani kajaza mchicha. Hilo ndilo lililomuuma. MAGAZIJUTO ulimfundisha wewe, mkiteremsha kabichi kutoka mlimani: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, mpaka akaikariri kama Salamu Maria. Anasema ameshika ulichompa, halafu unamcheka.

Sasa Jumamosi ya tarehe 18 wakwe wanakuja kutoka Mzinga kwa ajili ya posa ya binti yangu Hosiana. Kwetu unakujua: mjomba mkubwa asipokaa mkekani, binti hatoki. Alois hataki kukaa peke yake. Mtoto hali vizuri, kila asubuhi ananiuliza kama umepiga. Nimechoka kumjibu bado.

Nilimwambia Alois akuombe radhi, akachukua jembe akaondoka. Ukaidi mmerithi wote wawili.

Ila jana nilirudi kutoka sokoni nikakuta ukuta wa jiko umeandikwa kwa mkaa, mwandiko wake ule wa kulala: 20 − (8 + 2) = 10. Hesabu hiyo kaikata kwa mstari. Chini yake: (20 − 8) + 2 = 14.

Barua hii nampa kondakta wa basi la Njombe pale stendi ya Msamvu. Nisalimie wifi Kristina na mwanao Yeremia. Jirani yetu Mama Filomena anakuombea kila misa.

Mungu akulinde njiani. Ukuta siupaki chokaa mpaka uje uusome mwenyewe, naye akiwa amesimama hapo.

Mdogo wako akupendaye,
Bernadeta