Mlinzi Aliyezimwa

4 Machi

Kwako binti yangu,

Salamu kutoka nyumbani. U hali gani, na mjukuu wangu je? Mimi ni mzima, isipokuwa goti linalonung'unika kila nikipanda ngazi.

Mama, nimekwama. Redio yangu ya mawasiliano nimeiunga na kompyuta kama ulivyonishauri, lakini zile programu tatu hazielewani. Ya kwanza hubadilisha masafa ya redio. Ya pili hutuma na kupokea milio ya dijitali, ambayo sikioni ni kama mbu aliyefungiwa chupani, lakini kompyuta husoma maneno ndani yake. Ya tatu huandika nimewasiliana na nani. Kila moja inataka waya wa redio uwe wake peke yake. Nikifungua hii, ile inanuna. Mafahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu.

Nisaidie upesi. Najua kila asubuhi kabla ya kazi unafungua mtandaoni ile ramani ya vituo vilivyosikika, na ukiona alama ya kituo changu unasema, "Baba ameamka." Sitaki ukute ramani tupu ukahangaika.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limepunguza maneno. Huku hatujambo, na mjukuu wako ameota jino.

Programu ya masafa ndiyo ishike waya. Zile mbili ziambie zipitie kwake, kama wageni wanavyopitia kwa karani. Kwenye ile ya milio, iamuru ipeleke kila mawasiliano kwa ile inayoandika. Halafu ndani ya hiyo ya milio kuna yule mlinzi anayekukatiza kutuma ukikaa kidogo bila kugusa kibodi. Mzime, najua anakukera. Nimekutumia pia kijiprogramu kinachoita na kujibu chenyewe. Wewe kunywa chai yako, kituo kitaendelea.

Mwanao

15 Machi

Mama,

Hujambo? Na mwenye jino hajambo? Mimi sina neno.

Zimepatana. Kituo kikisikika, nakigusa tu kwenye kioo: redio inahamia masafa yake, milio inatoka, maandishi yanajiandika. Jana nilikwenda kumenya chungwa. Niliporudi nikakuta nimeshasalimiana na watu wawili wa mbali, nami sikumsalimu hata mmoja. Nimekuwa mgeni katika kituo changu mwenyewe.

Ila jirani yetu, yule mama wa cherehani, amegonga ukuta. Kila nikituma, spika yake inakoroma. "Mzee, siku hizi hulali mchana?" Nimemwahidi kwamba mchana nitazima, kama siku zote.

Baba yako

2 Aprili

Shikamoo Baba,

Leo sijui nianzie wapi. Daktari anasema unasikia na unaweza kusoma. Basi soma taratibu.

Jirani aliponipigia akasema, "Baba yako tumemkuta sakafuni jikoni, upande wa kulia umepooza," nilimbishia. Nilimwambia, "Haiwezekani, yuko hewani." Nilikuwa naitazama alama yako huku naongea naye. Ilikuwa inawaka. Asubuhi ile niliiona, na ya jana yake niliiona, nikasema Baba ameamka, nikaenda kazini nikitaniana na wenzangu.

Mlinzi nilikwambia mimi umzime. Baba, pale sakafuni ulikuwa unaisikia redio ikituma?

Nakuja mara ruhusa itakapotoka.

Mwanao

20 Aprili

Mama,

Hujambo? Mimi naendelea. Nachapa kwa kidole kimoja cha kushoto, kwa hiyo usiharakishe kusoma nilichochelewa kuandika.

Nilikuwa naisikia. Mlango wa chumba cha redio ulikuwa wazi. Nimelala sakafuni, ulimi hauinuki, na redio inakwambia mimi ni mzima. Hilo lilinishtua kuliko kuanguka kwenyewe.

Nikueleze kilichoniokoa, maana si busara ya mtu. Spika ya jirani ilikoroma mchana kutwa. Siku ya kwanza alivumilia akinilaani. Ya pili akaja kunifokea. Ameniambia, "Nilijua ama umekuwa mkorofi uzeeni, ama si wewe."

Usijilaumu. Zile programu tatu hazina kosa, ziache zishirikiane. Kijiprogramu kinachoita chenyewe nimekifuta, na mlinzi nimemrudisha kazini, jirani akinishikilia kiti. Sasa kila mwito naubonyeza mwenyewe, polepole, na wengine hunichoka wakajiendea.

Ukiniona kwenye ramani asubuhi, ni mimi. Usiponiona, piga simu. Ukiniona mchana, saa ya usingizi wangu, piga upesi zaidi.

Baba yako